Poda Ikiwa Bado Kichwani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa nimesimama uani kwetu Mususa, hapa Butembo, poda nyeupe imenijaa kichwani kama wewe leo. Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yalikuwa yametoka asubuhi, majirani wakaja kunimwagia poda ya pongezi, na kabla sijaketi walikuwa wameshanipa jina jipya: Docteur. Hapa kwetu mtoto akifaulu hesabu hupelekwa udaktari, hata kama anaogopa sindano. Mimi nilitaka mathématique yenyewe.

Jioni ile ukoo ungeketi kwa Baba Mukubwa, mwenye malori ya kwenda Beni, ambaye ndiye angenisomesha. Akisema médecine, basi imekwisha. Nikamkimbilia nyanya yangu, tuliyemwita Koko, anisemee. Alikuwa akimenya mihogo, wala hakuinua macho.

"Mimi hapana kukusemea," aliniambia. "Uko na mudomo. Na usiende kubaambia tu unapenda. Batakuuliza utasomea wapi, utalala wapi, kisha utafanya kazi gani. Uko na jibu?"

Nilinuna, nikidhani ananifukuza, kumbe ananisukuma. Nilishinda kwa mwalimu wangu wa hesabu nikimuuliza maswali mpaka mke wake akaniwekea bugali.

Jioni nikasimama mbele ya wakubwa na poda yangu, maana nilikataa kunawa kabla neno halijaamuliwa. Nikasema nitaanza mathématique hapahapa Butembo, nikilala nyumbani. Nikishika vizuri probabilité, hesabu za uwezekano, ndipo niombe kusomea actuariat huko mbali.

"Actuariat ni kitu gani?" Baba Mukubwa aliuliza.

"Baba, mvua ikinyesha, kati ya camions zote za njia ya Beni, unajua ni gani itaanguka?"

"Hapana. Mungu tu ndiye anajua."

"Hata mimi sitajua. Mais nitaweza kukadiria ni ngapi zitaanguka kwa mwaka, na kila mwenye camion atoe kiasi gani, ili mwenye kupatwa asifilisike."

Msimu wa mvua uliopita lori moja la Baba Mukubwa lilikuwa limeingia bondeni, na kila mtu pale alilijua hilo. Yeye akawageukia wenzake.

"Donc huyu anataka kuchunga bintu yetu kabla iharibike. Aende."

Mwanangu, nililia kwa faraja mpaka poda ikawa uji usoni, na Koko akacheka akishika mbavu.

Kwa hiyo wewe nawe unayetaka actuariat, usinitume kwa baba yako nikusemee. Ni mdogo wangu, ndiyo, na nitaketi karibu nawe, lakini utasema mwenyewe. Ujue mwaka wa kwanza utausomea wapi. Waulize waliotangulia ni somo gani liliwatoa jasho. Usikimbilie actuariat wakati mathématique bado inayumba, na uwe na njia ya pili, kufundisha au benki, ili mlango mmoja ukifungwa usikae kulia. Halafu kazi ya actuariat umweleze kwa vitu anavyovishika kila siku. Mimi imenilisha miaka yote hii, na sijajuta hata kidogo.

Mungu akunyooshee barabara, akupe akili tulivu, na siku moja akurudishe kwetu ukiwa mzima na mwenye furaha. Haya, simama twende, baba yako anatungoja. Poda iache hapohapo, utanawa tukirudi.