Wali Niliouita Sumu

Mimi ni mzee wa Ilomba, na kosa hili ni langu peke yangu. Tangu niliposikia redioni kwamba wanga ndio unaotumaliza, niliacha ugali na wali, nikawa nawahubiria majirani kama mlokole mpya.

Mwezi uliopita tulikwenda Chimala kumposea mwanangu. Tuliposhuka, njaa ilinizidi. Niliwaambia wenzangu nakwenda kujisaidia, nikaingia kwa mama lishe mmoja pale stendi, nikala wali maharage, nikaongeza sahani ya pili.

Ukweni tuliandaliwa wali wa shambani kwao. Nikaisogeza sahani pembeni. "Mnisamehe, mimi wanga sili. Ni sumu."

Baba wa binti, mkulima wa mpunga, aliweka kijiko chini. "Mzee mwenzangu, hiyo sumu ndiyo iliyomsomesha binti mnayemtaka."

Mwanangu aliinamisha kichwa. Ningeomba radhi hapo hapo yangeisha, lakini nilikaza shingo. "Mwezi wa tatu huu sijaugusa, na afya yangu mnaiona."

Ndipo akaingia shangazi wa binti, ambaye posa isingeweza kujibiwa bila yeye. Alikuwa bado amevaa aproni ya kazini. Alipiga goti, akaniangalia vizuri.

"Shikamoo baba. Kumbe mgeni wetu ni wewe? Ule ukoko ulioniomba pale stendi, nimekuja nao."

Niliitika marahaba, nikairudisha sahani mbele yangu taratibu, sebule nzima ikinitazama.