Jumatano za Ushairi Chaani

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai. Kumeamka manyunyu, yale ya kuja na kukatika, na kijiupepo cha baridi kinachowafanya watu wa Chaani watoe masweta waliyoyasahau mwaka mzima. Mvua ikinyesha hivi barabara yetu hutoa harufu yake: dizeli, vumbi lililolowa, na mipira ya magurudumu ya malori yanayongoja zamu ya kuingia bandarini. Wengine huziba pua. Mimi harufu hiyo hunirudisha kidato cha tatu, muhula wa pili, nilipokuwa mwenyekiti wa chama cha ushairi. Nasema mwenyekiti, lakini nisijikweze. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na siku ya uchaguzi tulikuwa watu kumi hivi, na baadhi yao walikuwa wameingia kujikinga na mvua tu. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne, kwa hiyo anayetaka kujua ushairi ni nini aulize waliousomea. Mimi naandika nilivyoyaona, na pengine mengine nimeyapamba bila kujijua.

Tulikutana kila Jumatano alasiri ndani ya bwalo, meza zikiwa bado zina utelezi wa mchuzi wa maharagwe. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amekwenda kujifungua, na aliyeletwa kushika nafasi yake alifundisha shule mbili, akawa hana muda wetu. Basi tukajiendesha wenyewe. Tatizo lilikuwa barabara. Bwalo lilipakana nayo, ukuta tu katikati, na malori hayakujua kama leo ni Jumatano. Ukifungua kinywa, honi inakujibu. Mwanzo tulikasirika, kisha tukaifanya kazi yetu kwa lori hilo hilo. Mtu mmoja anasimama nje kwenye ukuta wa barabara, mwingine anaghani akiwa mlangoni mwa bwalo. Wa nje akilikosa neno, mwenzake anaurudia ubeti mzima. Hilo tuliliita kupimwa na lori. Sijui nani aliyeanzisha. Ningekuwa mdogo zaidi ningesema ni mimi, lakini sina hakika, na afadhali niiache sifa hiyo kwa wote.

Muhula ule mwalimu mkuu alituita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na naomba asomwe kwa haki hapa, kwa sababu tulimsema vibaya sana wakati ule. Matokeo ya hesabu ya shule yalikuwa ya kusikitisha, na wazazi walikuwa wakimlaumu yeye. Akatuambia mashindano ya mashairi yanakuja, tukapambane. Tukivuka hapo kwenda ngazi ya juu, Jumatano ni yetu. Tukishindwa, Jumatano itakuwa ya hesabu kwa shule nzima, na chama kitakuwa kimekwisha. Kwa mtu mwingine lilikuwa jambo dogo, alasiri moja katika wiki. Lakini wengi wetu hatukuwa na jingine shuleni la kuitwa kwa jina. Hatukuwa wakimbiaji, hatukuwa wa kwanza darasani, na pale bwaloni mtu alikuwa akiinuka wenzake wananyamaza kumsikiliza.

Shairi tulilitunga pamoja, tukibishana kila neno, na tulitunga juu ya kile kilichotusumbua. Ubeti wa kwanza naukumbuka mpaka leo:

Ewe dereva wa lori, hapa Chaani njiani,
Twavuka kwa tahadhari, vitabu vi mkononi,
Punguza mwendo, subiri, twende tufike shuleni,
Simama nasi tupite, twangojewa majumbani.

Najua si shairi la kutikisa dunia. Mizani yake lakini imetimia, na hakuna mkubwa aliyetusaidia. Mahadhi ya kulighania niliyaleta mimi. Mama yangu, mzaliwa wa Likoni aliyeolewa huku Chaani, alikuwa na wimbo aliouimba kwa mdomo wa kufumba alfajiri akikaanga mahamri, hauna maneno, sauti tu inayopanda na kushuka kama mtu anayebembeleza. Niliupenda tangu mdogo. Nikauchukua kama ulivyo, nikauvika maneno yetu, na ukaenea kama nguo iliyokatwa kwa kipimo.

Ikabaki kumpata kiongozi, yule wa kughani mistari mitatu ya mwanzo, wengine tuitikie ule wa mwisho. Fatuma alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko zote. Nikisema vinginevyo nitakuwa mwongo. Shangazi zake huitwa kuimba maharusini. Upande wa pili alikuwepo Mutua, aliyehamia kutoka Machakos mwaka ule kwa sababu baba yake alipata kazi ya kuendesha winchi bandarini. Kiswahili cha Mutua kilikuwa na milima ndani yake, na watu walimcheka waziwazi.

"Wee Mutua, kughani si kuuza machungwa stendi," Fatuma alimwambia. "Vuta maneno, usiyatupe."

"Nikiyavuta yatakatika, Fatuma. Wacha niyabebe hivi hivi, aki."

Bwalo zima likaanguka kicheko, na Mutua mwenyewe akacheka nasi. Nilitamani kumpa Fatuma nafasi hiyo bila maneno. Lakini nikajiuliza, mtu akinihukumu mimi kwa urafiki nitaridhika? Nikasema wapimwe na lori, wote wawili, siku moja, na anayesimama ukutani awe mtu wa darasa jingine asiye wa chama. Fatuma alighani tukasisimka tuliokuwa karibu naye, ila nje kwenye ukuta yalifika maneno nusu. Mutua alipoghani, yule wa ukutani alirudi na ubeti mzima kichwani, akatusomea, huku lori la makontena likipanda gia nyuma yake.

"Mwenyekiti, wallahi, umenitoa mbele za watu ukampa mtu aliyeshuka juzi kwenye basi?" Fatuma aliniuliza.

"Si mimi, Fatuma. Ni lori."

"Basi na limwitikie hilo lori."

Akabeba mkoba wake akaenda zake. Jumatano iliyofuata alirudi akakaa benchi la nyuma, akasema amekuja kusikiliza tu. Haikupita muda nikamwona amesimama mbele ya Mutua amemwekea kiganja hewani mbele ya tumbo, bila kumgusa, anamwonyesha pumzi itoke wapi. Tangu siku hiyo hakukosa. Sijui mimi ningeweza alivyoweza yeye.

Mashindano yalikuwa shule ya jirani, Changamwe, na kwa kuwa ni karibu wazazi walikuja, akina mama hasa, ukumbi umejaa mabuibui na leso na harufu ya udi. Mwalimu mkuu alikaa upande wa walimu, mikono ameikunja. Tukapanda jukwaani, sare zimepigwa pasi. Mutua akapiga hatua moja mbele, akaanza. Mstari wa kwanza, ukumbi kimya. Wa pili, nikaona vichwa vya akina mama vinageukiana. Wa tatu, mmoja akatabasamu akajifunika mdomo kwa leso. Ilipofika zamu yetu ya kuitikia, kabla hatujavuta pumzi, ukumbi mzima ukatuitikia! Sauti za wanawake wazima, nzito, zilizozoea, na kigelegele juu yake. Sisi wa jukwaani tukabaki midomo wazi. Kuna walioangalia chini, kuna waliotaka kucheka. Mimi nikajua Jumatano imekwenda.

Mutua hakujua chochote. Kwake yeye kelele ilikuwa kelele, kama ile ya barabarani, na kazi yake ilikuwa kuifikisha sauti ukutani. Akashika ubeti wa pili bila kupepesa macho, sauti imenyooka, kila neno limesimama peke yake juu ya vile vifijo. Fatuma ndiye aliyezinduka kwanza. Aliingia kwenye kiitikio pamoja na wale akina mama, nasi tukamfuata, nao wakayadaka maneno yetu, na kuanzia hapo sijui niseme nini. Nimesikia sauti nyingi tangu siku ile. Ile ya ukumbi mzima ukiyaimba maneno tuliyoyagombania sisi juu ya meza za maharagwe, sijaisikia tena.

Jaji mkuu alikuwa mama mwenye miwani, mpole. Alisema shairi ni zuri na kiongozi ni wa kusifiwa, lakini kiitikio ni kazi ya walio jukwaani, si ya ukumbi, na kanuni ni kanuni. Tukawa wa tatu. Walipita wawili. Wa kwanza na wa pili walistahili, niliwasikiliza kwa masikio yangu. Wa kwanza hasa walituzidi kwa mbali katika mpangilio.

Nilipotoka nje mama alikuwa akiningoja kwenye ngazi.

"Mwanaidi!"

"Abee, mama."

"Nani aliyekupa wimbo ule?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Ukikaanga mahamri."

Akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, ule ni wimbo wa kumtolea bibi harusi ndani! Huimbwa chumbani, na watoto hamruhusiwi. Nyinyi mwamtoa lori!" Nikamuuliza kwa nini basi na yeye aliitikia, maana sauti yake niliitambua, ndiyo iliyoanza. Akafuta machozi. "Ningefanyaje? Ule ukiimbwa mtu akaunyamazia, ni kama amemnunia bibi harusi. Domo limejifungukia lenyewe."

Mwalimu mkuu alitimiza neno lake. Jumatano iliyofuata tulifanya hesabu, shule nzima, mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kisha watu wakaondoka, na sisi hatukuondoka. Hatukuwa tumepanga. Mutua alikwenda mlangoni mwa bwalo, Fatuma akaenda ukutani, na mimi nikajikuta nafuta meza. Tulikuwa tumeanza shairi jipya mwalimu mkuu alipopita na shada la funguo akifunga madarasa. Akasimama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza hesabu mmeielewa? Mutua akasema kidogo. Mwalimu mkuu akatazama barabara, akachomoa ufunguo mmoja kwenye shada, akanipa mkononi. "Mkimaliza fungeni. Asubuhi niuone mezani kwangu." Akaenda. Kila Jumatano mpaka tulipomaliza shule, ufunguo ule ulilala mezani kwake asubuhi, na siku ya mwisho nilimkabidhi msichana wa kidato cha pili mbele yake mwenyewe.

Ndiyo maana leo nimeandika. Zuhura, binti wa dada yangu, yuko shule ile ile na yumo chamani, na asubuhi hii alikuwa sebuleni akighani huku simu inamrekodi. Wana mwalimu mlezi sasa, wana kipaza sauti, wana sare za kijani za jukwaani. Bwalo limehamishiwa nyuma ya shule, mbali na barabara. Alinichezea rekodi ya wenzake, akaniuliza, "Mama mdogo, sema kweli, nani hodari, sisi au nyinyi?"

Niliirudia rekodi mara ya pili kabla ya kumjibu, kwa kuogopa kumpendelea yeye au kujipendelea mimi. Sauti zao ni safi kuliko zetu. Pumzi zao ni ndefu, na kuna kijana anayepanda pale ambapo Fatuma angepanda. Nikamwambia, nyinyi. Akaruka. Nikamwambia pia, na hili nilimwambia polepole, kwamba wao chama wamekikuta, na sisi tulikaa nacho kilipokuwa hakina siku, tukabaki Jumatano ile baada ya hesabu. Akauliza, "Mlikuwa wangapi mliobaki ile Jumatano?" Nikamjibu, wote. Nilivyolitamka neno hilo kifua kilijaa, nikaona haya, lakini sikulirudisha.

Usiku tumekula muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Zuhura ameongeza mara mbili.