Bandi Nyeupe

Mke wa kaka yangu ni fundi nguo, na ana mdomo. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, huambiwa gauni liko palepale, aliyezidi ni yeye. Mimi namsaidia kutia vifungo na kupiga pasi, ndiyo maana akiumwa mimi ndiye wa kwanza kujua. Hukata vitambaa lakini hashoni. Vinalundikana mezani, yeye ameinamia cherehani, mguu uko kwenye pedeli na haukanyagi.

Ugonjwa huo wa huzuni ulishamwangusha mara mbili. Mara zote vidonge vilimnyanyua, na mara zote aliviacha mwenyewe alipopata nafuu. Alipougua tena, daktari hakumung'unya maneno: safari hii ameze kila siku, hata akijiona mzima ameze vilevile, kwa miaka, pengine maisha yake yote. Akaitikia. Akameza, ulimi wake wa pilipili ukarudi.

Aliyeharibu ni kaka, tena kwa furaha. Alimsikia akicheka na wateja, akauliza mgonjwa gani anacheka hivyo, vidonge vya nini tena? Wifi naye kama aliyekuwa akingoja kuambiwa, akaviacha. Wakati huo alikuwa anachomoa bandi kwenye sketi, zile nyuzi nyeupe za mkono zinazoshikiza kitambaa kabla hakijapitishwa cherehani.

"Hizi zina kazi mpaka mshono ukae," akaniambia. "Ukishakaa, unazitoa. Na vidonge ni hivyo hivyo."

Nilimpinga mpaka tukanuniana. Baadaye akanitania, eti nimesomea udaktari kwenye matundu ya vifungo. Nilicheka, lakini niliogopa.

Haukupita muda vitambaa vikaanza kulundikana. Tukamrudisha kliniki. Vidonge vile vile safari hii havikumnyanyua. Daktari akaongeza, kisha akabadilisha, akatuomba tuvumilie. Sasa kaka humletea kidonge na maji kila asubuhi. Yeye anameza. Hacheki, hamtanii mtu, na mimi nimechoka kujidanganya kwamba kesho atacheka.

Juzi alifanikiwa kushona shati moja la shule. Nilipochukua mkasi nichomoe bandi, akanishika mkono.

"Ziache, wifi," akasema. "Mshono wenyewe siuamini tena."

Nikalipiga pasi hivyo hivyo.