Kapasita ya Amplifaya ya Wasabato

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio pale Kebirigo, na nilitaka kumwoa binti wa mzee wa kanisa la Wasabato. Mimi ni Mkatoliki. Baba yake hata salamu zangu alizipokea shingo upande.

Ijumaa moja alasiri akaniletea amplifaya ya kanisa. Ilikuwa ikivuma mmmm hadi mahubiri hayasikiki. Nikamweleza, nikijifanya profesa: umeme wa jenereta huja kwa mapigo, unapanda na kushuka. Kapasita ni kama pipa la maji ya mvua chini ya mabati. Mvua inakuja kwa vishindo, pipa linajaa, nawe ukifungua bomba unapata maji yanayotiririka sawasawa. Pipa likitoboka, vishindo vyote vinafika kwenye spika.

"Basi badilisha pipa," akasema. "Lakini jua likizama, hakuna kazi."

Kibanda changu hakikuwa na umeme. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la makaa, jasho likinitoka, naye amesimama mlangoni akilitazama jua badala ya kunitazama mimi. Nilikaza skrubu ya mwisho jua likigusa kilima. Akabeba amplifaya yake, akaenda. Hatukuijaribu, maana jenereta ilikuwa kanisani na Sabato ilikuwa inaingia.

Nikiwa nazima jiko, wazo likanichoma: ile kapasita niliiweka upande sahihi? Chanya na hasi zikibadilishwa, hupasuka, tena mbele ya watoto wa kwaya. Nikajaribu kukumbuka. Wapi!

Asubuhi nikaenda kanisani, nikasema mbele ya waumini wote: "Mzee, tafadhali msiiwashe. Huenda nimekosea, na kama nimekosea itapasuka."

Watu wakacheka. Binti akainamisha uso. Mzee alinikataza hata kufungua kifuniko: siku ya Sabato, kazi ni kazi. Akahubiri kwa koo lake mwenyewe mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikijilaani. Mke nimemkosa hivi hivi najiona.

Jua lilipozama tukafungua. Ala! Kapasita ilikuwa sawa kabisa. Jenereta ikawashwa, spika ikatulia tuli. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kumbe ulijiaibisha bure," mzee akasema, sauti ikikwaruza.

"Sikuwa na hakika, mzee."

Akanitazama, kisha akazima swichi.

"Waambie wazee wenu waje Jumapili ijayo," akasema. "Baada ya misa yenu."