Hotipoti ya Njoroge

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, wakati ule nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi, nilipofunua hotipoti yangu karakanani nikakosa mtu wa kula naye. Leo nakuona ukifunga chakula chako cha kazini, cha mtu mmoja, kifuniko umekikaza. Sikulaumu. Lakini keti kidogo.

Nilikuwa seremala Kawangware, Nairobi, nikitoka mtaa wa Lindi kule Kibera kwa miguu kila alfajiri. Mwenzangu wa meza aliitwa Njoroge. Kwao ni upande wa mlima, kwetu upande wa ziwa, na hilo la kabila halikuwahi kutusumbua. Tulikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria, yaani tumbo. Jiko moja la mafuta ya taa halipiki ugali na mboga kabla mtu hajatoka kwenda kazini. Basi tukapatana: kwake wapike ugali, kwangu mboga. Hotipoti zilitunza joto hadi saa saba, tukala pamoja. Hakuna aliyeweza kushiba bila mwenzake, na tulidhani ni ujanja wa maskini tu.

Kisha vurugu ikaja, karakana ikafungwa. Ilipofunguliwa tena, nilipita kati ya matairi yaliyoungua nikiwa nimebeba omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya, basi. Saa saba Njoroge akafunua yake. Ndani mlikuwa na ugali na maharagwe. Akageukia ukutani, akala.

"Njoro, kwani leo naramba mboga tu?"

Hakugeuka. "Majirani wamesema nisikule chakula ya Kibera. Wanasema mtaniwekea kitu."

Mwanangu, niliumia. Miaka yote ile alikula mapishi ya mke wangu akilamba vidole, leo yana sumu! Nikaapa kwa sauti kwamba kesho nitakuja na chakula changu kamili, na meza tutaigawanya kwa ubao.

Mzee Wafula, fundi mkuu wetu, alikuwa na ulimi mkali kama randa. Akaukata ugali wake, akaniwekea kipande.

"Odhiambo, hao watu wa maneno wamepata mmoja. Usiwape wa pili. Kesho leta mboga, na uweke mingi."

"Na asipokula?"

"Itabaki. Mboga ikibaki hakuna mtu amekufa."

Nilikereka, lakini hasira hasara, nikatii. Kesho yake nilileta mboga tele. Njoroge hakuja.

Saa saba mkewe akaingia, leso imemlegea kichwani, hotipoti mkononi. Alisema asubuhi vijana walimsimamisha mumewe njiani, wakataka kitambulisho, wakasoma jina. Hawakuhitaji zaidi ya hapo kumuua. Sasa mama huyo alikuwa akitafuta wanaume wa kumsaidia kubeba maiti. Hotipoti aliikuta kando ya mwili, kifuniko hakijafunguka. Akaniwekea mikononi.

"Nilitaka kumwekea maharagwe, akakataa. Akasema mboga iko kwa Odhi."

Nikafunua. Ugali mtupu, mkubwa, wa watu wawili, na bado ulitoa mvuke. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kukwambia.

Tulienda kumbeba kwanza. Jioni tuliporudi, Mzee Wafula aliumega ule ugali, akanitia tonge mkononi, akanisogezea mboga yangu. "Kula. Ni wewe amekuletea." Ulikuwa na uvuguvugu bado. Nilikula.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Wakubwa waliogombania kura baadaye walipeana mikono, sote tukaona. Njoroge hakurudi.

Basi shika haya, mwanangu. Siku watu wako watakapokwambia chakula cha mwenzako kina sumu, onja kwanza maneno yao. Mwenzako akikupa mgongo, wewe usimpe wako, maana hujui usiku atawaza nini na asubuhi atakuja amebeba nini. Na ukipakua cha kazini, pakua cha kutosha kugawana, hata kama jana ulikataliwa.

Mungu akulinde unapokwenda na unaporudi. Akupe mtu wa kula naye, na amfikishe mtu huyo mezani akiwa hai.