Damu ya Mwanambuzi wa Hajati

Wenzangu mnaopenda kutoa habari kabla ya kuuliza, someni yaliyonipata mtaani Mbuya wiki jana.

Maabara yetu inapima damu ya mbuzi wa umri mbalimbali. Majibu ya mbuzi wa mfugaji mmoja, Hajati Zamu, yalinishtua: mwanambuzi wake alikuwa na homoni za tezi ya shingo nyingi kuliko za mama yake, tena kwa mbali. Sikumsubiri daktari wetu. Nilipanda boda mpaka kwa Hajati, nikamtangazia kwamba mtoto anaumwa, na huenda maziwa ndiyo yanayomdhuru.

"Banange, jamani! Nimtenge na mama yake?"

"Mfunge kando, Hajati. Mpe uji mwepesi."

Alitii. Kesho yake nilimkuta mwanambuzi amelala, uji hautaki, sauti imemkauka kwa kulia. Niliogopa, nikampigia daktari. Alikuja, akasoma majibu, kisha akaniuliza mbele ya majirani, "Ulimlinganisha na nani?"

"Na mama yake."

"Hajati, huyu kazaliwa lini?"

"Jumapili."

"Basi ni mzima. Mbuzi wachanga huwa na homoni hizo nyingi, hupungua wakikua. Huyu ana njaa tu."

Hajati hakunigombeza. Alimfungua mwanambuzi, naye akajikokota mpaka kwenye chuchu, mkia ukaanza kutikisika. Kisha Hajati akaniviringishia mkononi kamba ileile aliyomfungia, kwa upole kabisa.

"Haya, mwanangu, sasa wewe tulia hapa. Uji wako umebaki."