Pipa la Kumi na Mbili

Wafanyakazi walimwita Pua, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Kwa miaka tisa, tangu baba yake afariki na kumwachia kazi, yeye ndiye aliyeamua mvinyo wa zabibu za Shiraz utoke lini kwenye mapipa ya mwaloni na kutiwa chupani. Lakini homa ilikuwa imempitia, na sasa, wiki ya tatu, pua yake haikusikia hata kitunguu kikiungua. Alifunga mdomo. Wakijua, kazi imekwenda na maji, pamoja na chumba cha juu ya ghala alimozaliwa.

Asubuhi hiyo mwenye shamba, mama mzee asiyependa kuzungushwa, alitaka jibu: mvinyo uko tayari au bado? Pua akateremka ghalani na shemeji yake, dereva wa lori la chupa, aliyembebea taa huku akilalamika kwamba baridi ya humo ilikuwa ya mochwari.

Mbao za mwaloni hunywa. Kila wiki mvinyo hushuka kidogo, na mtunzaji huongeza. Pua aligonga pipa moja moja kwa kifundo cha kidole. Yote yaliitika kwa sauti ya utupu juu, isipokuwa la kumi na mbili. Hilo lilikuwa bubu. Alipong'oa kizibo, mvinyo ulikuwa umefika ukingoni, unang'aa.

Shemeji akasema bila shaka Pua mwenyewe alilijaza jana akasahau. Pua alijua hakuligusa. Na ufunguo wa ghala ulikuwa mmoja tu, shingoni mwake.

Alivuta kidogo kwa mrija wa kioo, akanusa kwa mazoea tu. Harufu ikamjia yote kwa mkupuo: pilipili manga, ngozi, zabibu zilizoiva mno. Nyuma yake tumbaku na kafuri, koti la baba yake. Alipoonja, ukakasi wa mvinyo mchanga ulimkamata ufizi. Akarudi kwenye mapipa mengine; pua kimya, kama ananusa maji.

Angeweza kudanganya. Badala yake alipanda ngazi na glasi ile mkononi, akamwambia mwenye shamba:

"Bado, mama. Na pua yangu imekufa, wiki ya tatu hii."

Mama akanusa, akaonja.

"Bado kweli. Sasa umejuaje?"

Pua akamweleza, wakashuka wote watatu. Mama akaligonga la kumi na mbili kwa fimbo yake. Likaitika kwa sauti ya utupu, kama mengine. Ndani, mvinyo ulikuwa chini ya ukingo kwa upana wa vidole vinne, na ubao hapo juu ulikuwa mkavu.

Mama akainua tena glasi, akainusa.

"Hili koti si tulimzika nalo baba yako?"

Pua aliitikia kwa kichwa.

"Haya. Chumba chako, kazi yako. Endeleeni hivyo hivyo, nyinyi wawili."

Shemeji akadai yeye ni dereva, hakuajiriwa ghalani. Hakuna aliyekuwa akimtazama.